Malindi: mtiririko wasema hivi, grafu ya laini yasema vile. Njia tuzielekeze kwa hesabu ipi?

#1 KasuarinaNet (Malindi)
Wakuu, salamu. Mimi ni mmoja wa tunaoendesha mtandao mdogo wa redio hapa Malindi: nyumba za Barani na Muyeye, hoteli kadhaa za Casuarina, na shule. Tuna laini mbili za kutokea. Ya kwanza ni faiba ya megabiti 300 itokayo Mombasa, ya pili ni ya redio kutoka kwa mtoa huduma mwingine, ndogo kidogo. Kila usiku, saa mbili hadi saa tano, faiba hujaa pomoni na ya pili iko nusu tupu. Simu za wateja nazo hazikatiki.

Kwa muda mrefu tumehamisha wateja kwa kukisia: leo Barani iende laini ya pili, kesho irudi. Nimechoka na ramli. Nimewasha NetFlow toleo la 9 kwenye rauta ya mpakani: rauta huandika rekodi ya kila mtiririko, yaani pakiti za mazungumzo mamoja, nani na nani na baiti ngapi. Rekodi zaingia kwenye seva yenye nfdump, programu ya kuzisoma, nipate kujua mzigo huu ni wa nani, watoka mitandao gani na saa ngapi. Imani yangu ni kwamba mwendeshaji asiyekusanya mtiririko hana haki ya kugusa jedwali la njia.

Sasa kigingi. Nikijumlisha baiti za mtiririko kwa saa ya msongamano, upande wa kushuka, napata pungufu ya grafu ya SNMP, ile isomayo kihesabio cha baiti cha laini yenyewe, kwa kama robo. Rauta ni hiyo hiyo, laini ni hiyo hiyo. Robo ya mzigo iko wapi? Nikipanga njia kwa hesabu yenye tundu, nitakuwa nahamisha nisichokijua. Nani amekutana na hili?

#2 Pakiti_Moja (Watamu)
Sampuli hiyo, kaka. Rauta nyingi hazihesabu kila pakiti. Huchota moja katika 100 au 1,000, kisha wewe ndiye wa kuzidisha. Umezidisha?

#3 KasuarinaNet
#2, hakuna sampuli, rauta inahesabu zote. Na lau ningekuwa na sampuli ya 1 kwa 100 nisizidishe, ningepata sehemu ya mia, si robo tatu.

#4 Fundi_Faiba (Mombasa)
Mnahesabu vitu viwili. Kihesabio cha SNMP hupima fremu nzima ya Etheneti (kifurushi kinachobeba pakiti wayani) pamoja na vichwa vyake. NetFlow huanzia kichwa cha IP kwenda ndani. Kila pakiti hapo imeacha baiti 18 nje ya hesabu, ukiwa na VLAN (alama ya kugawa mtandao mmoja kuwa kadhaa) ongeza 4, ukiwa na PPPoE (kifuko cha kuingilia kwa mtoa huduma) ongeza 8. Zidisha kwa pakiti zote za usiku mmoja uone.

#5 Hodhi_la_Rekodi (Nairobi)
Hoja ya #4 ni ya kweli ila haifiki robo. Pakiti ya video inayoshuka ni baiti 1,500 hivi. Baiti 18 katika 1,518 ni asilimia 1.2. Jumlisha VLAN na PPPoE, bado huvuki asilimia 2.

Upande wa kupanda ndio wenye kisa. Huko pakiti nyingi ni thibitisho tupu za TCP (majibu ya “nimepokea”), baiti 40 tu, na Etheneti haikubali fremu iliyo chini ya baiti 64. Kwa hiyo katika kila 64 zinazohesabiwa na SNMP, NetFlow inaona 40. Hapo zaidi ya thuluthi imepotea bila kosa la mtu. KasuarinaNet, una uhakika ni upande wa kushuka?

#6 KasuarinaNet
Nina uhakika. Kushuka.

#7 Fundi_Faiba
#5, kwa video sawa. Lakini ana hoteli. Hoteli zina simu za intaneti, na sauti ya G.711 (mfumo wa kusimba sauti ya simu) ni pakiti za baiti 200 pande zote mbili. Hapo vichwa vinakula asilimia 8. Simalizi robo, najaza sehemu yake.

#8 MzeeWaRauta (Malindi)
Vijana, mnachimba mbali. Rekodi za NetFlow husafiri kwa UDP. Rauta ikishatuma imemaliza kazi yake, haiulizi kama zimefika wala hairudii. Saa mbili usiku, pakiti zinapokuwa nyingi, rekodi nazo huwa nyingi, na seva yenye bafa (hodhi la kusubiria) ndogo huzimwaga chini kimya kimya. Katika toleo la 5 rekodi ni baiti 48 na pakiti moja ya UDP hubeba hadi 30. Ikipotea moja, mitiririko 30 haijawahi kuwako duniani kwa mujibu wa seva yako. Angalia namba ya mfululizo kwenye kichwa cha pakiti. Namba hiyo huongezeka kwa kila mtiririko, ukiona imeruka ujue ni hasara.

#9 BintiShela (Lamu)
Shikamoo mzee. Kwa bwana KasuarinaNet hiyo ya mwisho haitasimama hivyo. Katika toleo la 5 namba huhesabu mitiririko, kweli. Yeye yuko toleo la 9, ambapo huhesabu pakiti zinazobeba rekodi kwenda kwa seva. IPFIX, mrithi wa toleo la 9, nayo huhesabu rekodi za data. Akitafsiri ya 9 kwa kanuni ya 5 atadhani kapoteza kidogo sana, kumbe kila ruko moja ni rundo zima.

#10 MzeeWaRauta
Marahaba binti yangu. Umenena. Toleo la 5 ndilo nililozeeka nalo.

#11 Pakiti_Moja
Mimi nawaza kinyume. Nani kasema SNMP ndiyo ya kuaminiwa? Kihesabio cha biti 32 hujaa kikaanza sifuri. Kwa laini ya megabiti 300 hujaa chini ya dakika mbili. Kama grafu inasoma kila dakika tano, hiyo grafu ni hekaya.

#12 Hodhi_la_Rekodi
#11, hesabu zako ni sahihi. Biti 32 ni baiti bilioni 4.29. Kwa megabiti 100 zajaa baada ya sekunde 343, kwa gigabiti 1 sekunde 34. Lakini fuata matokeo yake: kihesabio kikizunguka bila kuonekana, grafu hupungua. Yeye grafu yake ndiyo kubwa. Kihesabio cha biti 32 kingeficha pengo, kisingelizaa. Hata hivyo KasuarinaNet hakikisha unasoma ifHCInOctets, kile cha biti 64.

#13 KasuarinaNet
Nasoma cha biti 64.

#14 BintiShela
Mimi niko Amu, nahudumia mtandao wa nyumba za wageni za Shela na wa mjini. Tuliona pengo kama lako, na kwetu sehemu kubwa ilikuwa ni muda wa kufunga mtiririko.

Mtiririko ni nini kwa rauta? Ni pakiti zinazoshabihiana: anwani ya kutoka, anwani ya kwenda, poti mbili, itifaki, alama ya aina ya huduma, na kiolesura cha kuingilia. Rauta hufungua rekodi, huijaza, na huituma kwa seva pale inapoifunga. Hufunga mtiririko ukinyamaza, kwa kawaida sekunde 15, au ukiendelea mno, na hapo rauta nyingi huja zikiwa na dakika 30. Sasa mgeni wa Shela ameanza kushusha faili kubwa saa mbili kamili na anaendelea. Rekodi yake itafika saa mbili na nusu, furushi zima kwa mpigo. Kwenye mafaili ya nfcapd (kipokezi cha nfdump) ya dakika tano utaona jangwa, kisha mlima. Grafu ya SNMP iliona mteremko uleule muda wote.

Sisi tuliteremsha muda wa mtiririko hai hadi sekunde 60. Rekodi zikaongezeka, diski ikalia kidogo, lakini picha ya usiku ikaanza kufanana na laini. Jumlisha siku nzima, KasuarinaNet. Pengo likifa, dawa ni hiyo.

#15 KasuarinaNet
Ahsante dada. Nimejumlisha siku nzima: limepungua, halijafa. Dakika 30 ndiyo iliyokuwamo.

#16 Swichi_Kavu (Kilifi)
Kama rauta ni MikroTik na umewasha FastTrack (njia ya mkato ya pakiti ndani ya rauta), utafutaji umekwisha. Pakiti za FastTrack hazipiti kwenye kihesabio cha mtiririko.

#17 Hodhi_la_Rekodi
#16, hiyo ilikuwa zamani. Kizuizi kiliondolewa katika RouterOS, mfumo wa MikroTik, toleo la 6.33. Ukiwa juu ya hapo mtiririko unaonekana. Kinachobaki kurukwa ni mambo kama foleni sahili za kuwawekea wateja kikomo cha mwendo.

#18 Swichi_Kavu
Basi aseme toleo lake. Pwani hii kuna rauta juu ya paa ambazo hazijaguswa tangu zifungwe, na chumvi ishaanza kuzila.

#19 Pakiti_Moja
😂 Usitaje za Kilifi hadharani.

#20 Fundi_Faiba
Swali moja: wateja wako wana IPv6 (anwani za kizazi kipya)? Toleo la 5 haliijui kabisa. La 9 huibeba, lakini kwenye rauta nyingi ni lazima uiwashe kando, kila kiolesura. Google na Meta hupenda IPv6 mteja akiwa nayo, na hao ndio wabebaji wa video zako. Robo kupotea humo ni jambo jepesi mno.

#21 KasuarinaNet
Barani wanayo, Casuarina bado. Nitaangalia usiku huu.

#22 Mokowe_Juu (Lamu)
Nimewasoma kimya. Kazi yangu ni milingoti, mie si mtu wa rauta, lakini naona mnahangaikia robo ya baiti zilizopita, na baiti ambazo hazikupata kupita hakuna azitajaye.

Simama kwenye gati la Mokowe uhesabu abiria walioshuka botini. Hutajua wangapi wameachwa ng'ambo kwa kukosa nafasi. Mtiririko ni hesabu hiyo. Laini yako imejaa saa mbili, TCP ikipoteza pakiti hupunguza mwendo yenyewe, na kicheza video kikiona uzito hushuka kutoka picha safi hadi picha ya ukungu. Rekodi zako zitasema Barani yatumia kiasi fulani. Barani ingetumia maradufu lau pangekuwa na nafasi. Ukiihamisha Barani kwenda laini ya pili kwa hesabu ile, laini ya pili itajaa hapo hapo nawe utashangaa.

Nitoe kisa cha huku. Tuna kiungo cha redio kinachopita juu ya maji kuelekea upande wa Faza. Mwenzetu wa rauta alikuwa na programu inayosoma mtiririko: mzigo ukipungua kwenye kiungo, yahamishia watu zaidi huko, maana “kuna nafasi”. Siku nyingine mzigo ulishuka, programu ikaongeza watu, watu wakazidi kulia. Akadhani ni saa za watu kulala. Nikamwambia aniandikie saa ya kila mshuko. Leo saa tatu, kesho saa tatu na dakika hamsini, keshokutwa karibu na saa tano kasorobo. Wanadamu hawalali kwa mtindo huo. Huo ni mwendo wa maji, yanachelewa kama dakika 50 kila siku. Wimbi la redio lina njia mbili, moja ya moja kwa moja na moja inayogonga uso wa bahari. Maji yakipanda au yakishuka, urefu wa ile njia ya pili hubadilika, na kuna kimo ambapo mawimbi mawili yanafutana. Wakati wa bamvua, bahari yetu ikipanda na kushuka zaidi ya mita 3, ndipo huwa shari. Maji mafu kunatulia. Dawa ilikuwa antena ya pili kwa kimo tofauti. Jedwali la njia halikuwa na hatia.

Kwa hivyo, laini yako ya pili ya redio inapita wapi? Juu ya maji ya Mto Sabaki? Kando ya ufuo?

#23 KasuarinaNet
Inapita nchi kavu, Mokowe_Juu. Lakini hoja ya abiria walioachwa ng'ambo imenigusa. Grafu ya faiba kweli ina kichwa bapa kuanzia saa mbili.

#24 BintiShela
Kaka Mokowe, nakuheshimu, ila si kweli kwamba mtiririko haujui walioachwa. Rekodi haina baiti peke yake, ina saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na idadi. Gawanya baiti kwa muda, upate mwendo wa kila mtiririko. Ukiona saa kumi jioni video za anwani zile zile zakwenda kwa mwendo fulani, na saa tatu usiku mwendo umekuwa nusu huku idadi ya mitiririko imeongezeka na jumla ya baiti imesimama palepale, hapo umewaona walioachwa gatini kwa macho yako. Grafu ya SNMP ndiyo haiwezi kukupa hilo. Hii ndiyo sababu mimi nasimama na mtoa mada.

#25 Mokowe_Juu
Mwendo wa mtiririko mmoja hushuka pia kwa sababu seva ya mbali imechoka, au simu ya mtu imeshika redio ya chumba cha tatu. Utajuaje?

#26 BintiShela
Kwa kulinganisha. Seva moja ikichoka, atateseka aendaye kwake. Wakiteseka wote kwa pamoja, wa Google, wa Meta, wa Cloudflare, laini ndiyo iliyochoka.

#27 Pakiti_Moja
Basi tumalize: programu isome mtiririko kila dakika tano, faiba ikivuka asilimia 85 ihamishe mitiririko mizito kwenda laini ya pili, ikishuka irudishe. Kwa nini binadamu akeshe? Mitiririko michache ndiyo hubeba sehemu kubwa ya baiti. Hamisha hiyo tu.

#28 MzeeWaRauta
Mwanangu, hilo lilijaribiwa na waliotangulia wote. ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, mwaka 1979 ilianza kuchagua njia kwa ucheleweshaji uliopimwa, wastani wa sekunde 10. Mzigo ukiwa mwepesi ilikuwa raha. Mzigo ukiwa mzito, kila rauta iliona njia ya kaskazini imesongamana na ya kusini ni tupu, zote zikahamia kusini kwa pamoja. Sasa kusini kukajaa, kaskazini kukawa tupu, zote zikarudi. Laini mbili zikawa zatumika kwa zamu, huku nusu ya uwezo imelala. Mwaka 1987 kipimo kilibadilishwa ili gharama ya njia isiruke kwa pupa, na Khanna na Zinky wakaeleza kisa hicho kwa maandishi mwaka 1989.

Ndiyo maana BGP ya leo (itifaki ambayo mitandao huambizana njia), waraka wa kanuni RFC 4271 wa mwaka 2006, katika hatua zake zote za kuchagua njia bora hakuna hata moja inayouliza laini imejaa kiasi gani. Wasomi hawakusahau. Waliogopa, na walikuwa na haki ya kuogopa.

Mtiririko ni wa kusoma kwa wiki, ukapanga, ukatulia.

#29 Pakiti_Moja
Ami, ARPANET ilikuwa na kila rauta ikijiamulia. Hapa mwamuzi ni mmoja na rauta ni moja. Weka pengo kati ya kiwango cha kuhamisha na cha kurudisha, usihamishe zaidi ya kipande kidogo kwa mara moja, hakutayumba.

#30 MzeeWaRauta
Mwamuzi ni mmoja kwako. TCP za wateja mia tatu nazo zaamua, na kicheza video cha kila mmoja chaamua. Ukiwapa nafasi wataijaza.

#31 Fundi_Faiba
Kabla hamjapigana: KasuarinaNet, una namba ya AS yako (kitambulisho cha mtandao unaojitegemea) na BGP, ama NAT (wateja wengi nyuma ya anwani chache)?

#32 KasuarinaNet
NAT. Kila mtoa huduma ametupa anwani zake.

#33 Fundi_Faiba
Basi kwako ni afadhali kuliko wengi. Mzigo wako ni wa kushuka, na pakiti ya kushuka hurudi kwa anwani iliyotoa ombi. Ukichagua laini ya kutokea umeshachagua ya kurudia. Mwenye AS na kipande kimoja cha /24 (anwani 256) hana bahati hiyo. Kutoka anatawala, kuingia anaomba. Hawezi kukigawa, maana mitandao mingi haipokei tangazo la IPv4 lililo refu (yaani la kipande kidogo) kuliko /24. Atarudiarudia namba yake ya AS kwenye njia ili ionekane ndefu, na mtandao wa mbali waweza kuipuuza kwa sababu una upendeleo wake wa ndani ambao hupimwa kabla ya urefu wa njia.

Ila chunga mawili. Muunganisho ulioanza kwenye faiba umalizie kwenye faiba. Ukiuhamisha katikati, anwani inabadilika na unakatika, mteja wa benki atatupwa nje. Hamisha mipya tu. La pili ni DNS, daftari la kugeuza majina kuwa anwani. Kampuni za video hukuchagulia kashe (seva ya karibu yenye nakala za video) kwa kuangalia DNS iliyouliza. Ukiuliza kwa DNS ya mtoa huduma wa faiba, utapewa kashe iliyo ndani yake. Kisha ukitoa pakiti kwa laini ya pili, unaifuata kashe ya jirani kwa kuzunguka nje. Wengi huona mzigo “haujahama” wakalaumu rauta, kumbe ni DNS.

#34 Hodhi_la_Rekodi
Na nyongeza hapo: KasuarinaNet, ukiendesha `nfdump -s srcas/bytes -n 20` utaona AS 0 kila mahali. Rauta isiyo na BGP haina pa kuijua AS. Ama upachike ramani ya anwani kwa AS kwenye seva, ama utumie pmacct ambayo hupokea jedwali la BGP na kulioanisha na mtiririko. Ukishapata majina, orodha huwa fupi mno: 15169 ya Google, 32934 ya Meta, 2906 ya Netflix, 20940 ya Akamai, 13335 ya Cloudflare, wachache wengine. Hapo ndipo uamuzi wa njia huwa rahisi, kwa sababu unashughulika na mitandao kumi badala ya anwani elfu kumi.

#35 Wakili_Ufuoni (Malindi)
Naomba nafasi kidogo. Rekodi mnazoziongelea zinaonyesha nyumba gani ilizungumza na seva gani, saa ngapi, kwa muda gani. Yaliyomo hayamo, lakini tabia ya mtu imo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 25, yataka data ikusanywe kwa lengo lililo wazi, kwa kiasi kinachohitajika, isiwekwe kupita haja. Lengo likiwa ni njia, kwa nini uweke anwani ya mteja mmoja mmoja kwa miezi? Mji huu ni mdogo. Fundi mwenye seva hiyo anamjua kila mtu kwa jina la baba yake.

#36 BintiShela
Umesema jambo ambalo ningelianza mimi. Kwetu rekodi ghafi hukaa muda mfupi, kisha hubaki jumla kwa mtaa na kwa AS. Ukitaka kuhifadhi ghafi kwa uchunguzi, nfdump huja na nfanon, hubadilisha anwani kwa ufunguo lakini mtandao mmoja hubaki mmoja. Njia haihitaji kujua ni Bi fulani. Yahitaji kujua ni mtaa upi.

#37 Hodhi_la_Rekodi
Lakini mkikata mapema mno hamtapata picha ya siku ya ajali. Februari 2012 nanga ya meli ilikata waya wa baharini wa TEAMS karibu na Mombasa. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika karibu pamoja, intaneti ya Afrika Mashariki ikapooza. Siku kama hiyo, aliye na jumla za kabla ya kukatika anajua ni mitandao gani itahama na laini gani itazama. Asiye nazo atajua kwa kelele.

#38 Mngomeni
Na sisi wa Ngomeni tuliokaa na setilaiti tangu zamani tuseme nini. Setilaiti ya Uhuru ilirushwa San Marco, jukwaa la baharini hapa Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, na leo mwaniambia intaneti ya Malindi yategemea nanga ya meli.

#39 Swichi_Kavu
Uhuru ilikuwa ya kupima miali ya eksirei angani, si ya kubeba video za Barani 😂

#40 Mngomeni
Najua. Nasema tu Malindi ilihesabu vitu vigumu kuliko baiti.

#41 MzeeWaRauta
Mngomeni mwacheni, ana haki. Na mkitaja kukatika, mkumbuke hata kabla ya nyaya hizo. Kabla ya KIXP, kituo cha kubadilishana trafiki ya nchini, pakiti ya Nairobi kwenda Nairobi ilipanda setilaiti ikashukia ng'ambo ndipo irudi. Kituo kilifunguliwa 2000, kikafungwa kwa malalamiko, kikafunguliwa tena 2002. Hoja iliyoshinda ni kwamba trafiki ya nyumbani ilikuwa ikilipiwa nje. Hiyo nayo ni hesabu ya mtiririko, hata kama hakuna aliyeiita hivyo.

#42 KasuarinaNet
Wakuu, ahsanteni, nimerudi na haya. Niliongeza bafa ya seva kwa `nfcapd -B`, ruko za mfululizo zimepungua sana, kwa hiyo mzee wa #8 ana fungu lake. Muda wa mtiririko hai ni sekunde 60 sasa, dada wa #14 ana fungu lake. IPv6 ya Barani haikuwa ikihesabiwa, sasa inahesabiwa, #20 naye. Pengo lililobaki ni dogo kuliko la kwanza ila bado lazidi vichwa vya Etheneti.

Usiku wa jana nilihamisha miunganisho mipya ya Casuarina kwa mitandao miwili mikubwa tu, kwenda laini ya pili. Kichwa bapa cha faiba hakikushuka kama nilivyohesabu. Kilishuka kidogo, kisha kikajaa tena.

#43 Mokowe_Juu
Abiria wa ng'ambo hao. Wamepata nafasi, wamepanda.

#44 Fundi_Faiba
Ama DNS. Casuarina bado wauliza DNS ya faiba? Usimpe Mokowe ushindi kabla hujaangalia.

#45 Swichi_Kavu
Ama kuna hoteli imepitishwa kwa daraja. Kama VLAN ya hoteli moja yapita swichini hadi kwa mtoa huduma bila kugusa rauta kwa tabaka la IP, SNMP ya poti itaihesabu na mtiririko hautaiona, wala sheria yako ya njia haitaigusa. Hilo laweza kueleza pengo lililobaki na kichwa bapa kwa pamoja.

#46 KasuarinaNet
#45, kuna hoteli moja iliyofungwa kabla yangu. Leo napanda kuangalia swichi.

#47 BintiShela
Ukishuka huko paani, tutumie namba mbili kabla ya yote: idadi ya mitiririko saa tatu usiku kabla ya kuhamisha na baada, na wastani wa mwendo wa kila mtiririko wa Barani. Mwendo wa Barani ukiwa umepanda, Mokowe_Juu ana haki, umewapa watu nafasi waliyoikosa na hujafeli chochote. Ukiwa palepale, tutafute DNS au daraja.

#48 Pakiti_Moja
Na toleo la RouterOS, tumalize ile ya #16.